Shauri la Pimbi Kufumbua Macho Kabla ya Amina

Shauri Namba Kumi na Mbili la Baraza la Wazee, Kanisa la Wanyama Waliotakaswa, Usharika wa Bwawani: Kuhusu Muumini Pimbi, wa Jumuiya ya Mwambani, Kufumbua Jicho Moja au Yote Mawili Kabla ya Amina Kutamkwa na Mwenye Mamlaka ya Kuitamka.

Hicho ndicho kichwa cha shauri kama kilivyoandikwa kwenye jalada. Jalada lenyewe lina kurasa arobaini na moja, na kurasa kumi na tisa kati ya hizo ni majina ya waliohudhuria kikao. Mimi nitalisimulia kwa ufupi. Haya, paukwa!

"Pakawa!"

Kengele!

"Ya kwanza!"

Benchi!

"La mbele!"

Sadaka!

"Ya wote!"

Tumbo!

"La nani?"

Subirini. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana kanisa lilikuwa limeshaezekwa bati, wanyama wa Bwawani walikuwa na mchungaji, na mchungaji huyo alikuwa Kiboko. Hawakumchagua hasa. Siku moja alikuja akakaa kwenye kiti cha mchungaji, kiti kikalia kwaa! na hapakuwa na mnyama wa kumnyanyua. Wazee wakafanya kikao, wakaandika kwamba ameitwa.

Kila mwaka palikuwa na Sikukuu ya Mavuno. Nyani alileta mahindi. Ngiri alileta viazi. Kindi alileta karanga. Swala alileta majani mabichi aliyoyachuma mbali. Vitu vikapangwa mbele ya madhabahu, lundo kwa lundo, kisha Kiboko akasimama akatangaza:

"Ndugu zangu, malaika wa mavuno yuko mlangoni! Ana haya huyu. Akionwa, harudi. Fumbeni macho! Kila mmoja aombe kwa sauti yake na kwa nguvu zake, asimsikilize jirani! Na mtu asifumbue mpaka mimi niseme Amina!"

Wanyama walifumba macho. Waliomba wote kwa pamoja, kila mmoja la kwake: huyu mvua, huyu watoto, huyu goti linalouma. Kanisa likavuma vuuu! vuuu! vuuu! Bati likatetemeka. Kisha ikaja sauti nzito: "Amina!" Wakifumbua macho, madhabahuni hamna kitu. Hakuna hindi, hakuna kiazi, hakuna hata ganda.

"Malaika amepokea!" Kiboko alisema, akijifuta mdomo kwa kitambaa.

"Amepokea!" walijibu.

Mwaka wa kwanza, amepokea. Mwaka wa pili, amepokea. Mwaka wa ukame, wanyama wakaleta nusu ya kidogo walichokuwa nacho, amepokea. Kiboko alinenepa, lakini hilo halikumshangaza mtu. Usharika wenye mchungaji mwembamba huchekwa na usharika wa jirani.

Sasa, katika usharika huo alikuwamo Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama wa majabalini, mdogo kama sungura aliyenyimwa masikio. Msimdhanie kuwa alikuwa mzaha mzaha. Huyu aliamini kwelikweli. Ndiye aliyepiga kengele ya alfajiri. Ndiye aliyeshika sauti ya tatu kwenye kwaya. Aliishi mwambani na mama yake, mzee wa watu, mwanachama wa Umoja wa Akina Mama tangu umoja ulipoanza, aliyevaa sare hata siku ya kufua.

Mwaka ule wa ukame Mama Pimbi alibakiwa na kibakuli kimoja cha karanga. Kimoja tu. Akakifunika vizuri, akakipeleka kanisani.

"Mama, nawe utakula nini?" Pimbi aliuliza.

"Nitakula baraka."

Kwaya ya Pimbi ilikuwa na wimbo unaosema vivyo hivyo.

Sala ikaanza. Vuuu! Pimbi alifumba macho akamwombea mama yake. Katikati ya sala mama akakohoa: koho! koho! koho! Kikohozi kibaya, cha ndani kifuani. Pimbi akafumbua macho amtazame. Hakufumbua kwa uasi. Alifumbua kwa ajili ya kikohozi. Lakini macho yakishafumbuka hayaulizi pa kutazama. Yalipita juu ya kichwa cha mama, yakafika madhabahuni.

Kiboko alikuwa ameinama. Kwacha, kwacha, kwacha. Mahindi ya Nyani: gubu! Viazi vya Ngiri: gubu! Majani ya Swala: gubu! Akafika kwenye kibakuli cha Mama Pimbi. Akakimimina mdomoni, akakilamba. Akakigeuza, akakilamba na upande wa nyuma.

"Amina!"

Wiki nzima Pimbi alijitahidi kuendelea kuamini. Wanaosema kuacha ni rahisi ni wale ambao hawakuwahi kuwa na kitu cha kuacha. Jumatatu alijiambia, labda malaika huazima mdomo. Jumanne alijiambia, labda nilisinzia. Jumatano alijiambia, labda Baba Mchungaji anaonja tu, kama mpishi anavyoonja. Alhamisi zikamwishia labda zote. Ijumaa kengele ya alfajiri haikulia.

Jumamosi akaja Katibu wa Kanisa, ambaye alikuwa Ndege Karani, yule mwenye miguu mirefu na manyoya yaliyochomoza kisogoni kama kalamu.

"Bwana asifiwe, Ndugu Pimbi."

"Asifiwe. Karibu, Katibu."

"Sikaribii, niko kikazi. Unaitwa barazani."

Barazani alikuwapo Kiboko, mwenyekiti. Alikuwapo Karani na jalada lake. Alikuwapo Mzee Ngiri, na wazee wengine waliofuata chai. Karani akasoma kichwa cha shauri, kile kile mlichokisikia, akavuta pumzi katikati mara mbili.

"Unakubali, hukubali?"

"Nakubali nilifumbua," Pimbi alisema. "Lakini, wazee wangu, nauliza tu. Ni nani aliyeniona?"

Ngiri akajikuna shingo.

"Mimi," alisema.

"Shikamoo, Mzee Ngiri."

"Marahaba."

"Kumbe nawe ulikuwa umefumbua?"

"Mimi nilikuwa zamu! Mzee wa zamu hufumba jicho moja."

"Na hilo la pili halimtii malaika haya?"

Karani akadakia: "Kanuni ya Nne, kifungu kidogo cha pili. Jicho la zamu linatazama waumini. Halitazami madhabahu. Likifika ngazi ya kwanza, linarudi."

"Kwa hiyo, Mzee Ngiri, miaka yote hii hujawahi kuona kinachofanyika madhabahuni?"

"Hata siku moja," alisema Ngiri, kifua mbele. "Nimepewa cheti cha utumishi uliotukuka."

"Basi mimi nimeona."

"Kilichoonekana hakimo kwenye shauri," alisema Karani haraka. "Shauri linahusu kufumbua. Kuona kuna jalada lake, na jalada hilo halijafunguliwa."

Hapo Kiboko akapiga miayo. Mdomo ukafunguka kama mlango wa ghala, meno yakaonekana yote, mpaka ya nyuma kabisa. Chai ya wazee ikatetemeka vikombeni.

"Pimbi, mwanangu," alisema kwa upole, "uliyoyaona ni majaribu."

"Majaribu yalilamba kibakuli cha mama yangu, Baba Mchungaji. Yakakigeuza."

Mzee mmoja akacheka, akajifanya amepaliwa.

Hukumu ikatoka kabla chai haijapoa. Pimbi ametengwa. Benchi la mbele asilikalie, atasikiliza nje chini ya dirisha. Kwaya asiiimbe. Kengele asiiguse. "Naye na wa nyumba yake wote," Karani alisoma, "wakifa kabla ya yeye kutubu, hawatapigiwa kengele, hawataimbiwa, na ardhi ya kanisa hawataiona."

Mpaka "kengele asiiguse," Pimbi alikuwa amesimama sawasawa. Karani alipofika "wa nyumba yake," Pimbi akashika ukingo wa meza.

Mnajua ni kitu gani kinachowashikilia wanyama kanisani? Si jehanamu. Jehanamu iko mbali, na nauli yake hakuna anayeijua. Ni swali dogo tu, wanaloulizana wakikutana kisimani: "Na siku ukifa, utazikwa na nani?"

Pimbi akarudi nyumbani. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni, anashona kifungo cha sare.

"Mama, nimeona mavuno yanakokwenda."

"Kwa Kiboko," mama alisema, bila kuinua kichwa.

Pimbi akakaa chini, pu!

"Mama! Kumbe ulijua?"

"Mwanangu, nimefumba macho miaka arobaini. Mtu hafumbi macho miaka arobaini bila kujua ni kitu gani anachokifumbia."

"Sasa karanga zetu ulizipelekea nini?"

"Nikizipeleka, nakaa na Mama Kanga na Mama Nungunungu, tunaimba. Siku tulipomzika baba yako mvua ilinyesha mpaka kaburi likajaa maji. Waliimba beti zote sita, hakuna aliyekimbia. Wimbo ule si wa Kiboko. Kiboko hajui hata ubeti wa pili, anafungua mdomo tu." Akakata uzi kwa meno. "Kifua changu hiki nakisikia, hakinipi muda. Nataka kengele, nataka na beti zote sita. Nenda kaseme hukuona."

"Lakini niliona, mama."

"Kwani nimesema hukuona? Nimesema ukaseme."

Pimbi akapanda juu ya jabali, akakaa jua likimchoma usoni. Akisema hakuona, mama atapata wimbo wake, naye atabaki kanisani akiitikia "amepokea" kila mwaka mpaka azeeke. Akisema aliona, atatoka, lakini mama atafukiwa kimya kimya kama mzoga wa njiani. Alitaka mawili: yeye atoke, mama asitoke. Akateremka, akaenda ofisini kwa Karani.

"Katibu, nataka kutoka."

"Choo kiko nyuma ya ofisi."

"Kutoka kanisani."

Karani akaweka kalamu chini. Macho yalimng'aa kama ya mtu aliyengoja mgeni miaka mingi. "Fomu Namba Tisa!" Akaingia nyuma ya kabati, akapuliza vumbi, fuu! akaja na karatasi. "Nakala tatu. Jina. Jumuiya. Sababu ya kutoka, isizidi mstari mmoja. Masharti ya mwombaji, kama yapo."

Pimbi akajaza. Kwenye sababu aliandika "Nilifumbua macho." Kwenye masharti aliandika kirefu kidogo.

"Safi sana," alisema Karani. "Sasa imebaki muhuri. Muhuri anavaa Baba Mchungaji shingoni. Humgongea muumini mwema asiye na shauri."

"Na muumini mwema asiye na shauri anatoka kwa nini?"

"Ndiyo maana fomu zetu zote bado mpya."

"Na mwenye shauri?"

"Mwenye shauri hatoki mpaka atubu. Akitubu, hana tena sababu ya kutoka."

"Na akiondoka tu, kwa miguu yake?"

"Huyo hajatoka. Huyo ni mtoro. Mtoro na nyumba yake hawaimbiwi." Karani akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili. "Tunza hizo, zisipate maji. Karibu tena."

"Asante. Nitakaribia."

Pimbi akaenda moja kwa moja kwa Kiboko, akapiga magoti. Akasema, Baba Mchungaji, nataka kurudi kundini. Mnajua desturi: anayerudi kundini huandaliwa ibada, naye huleta sadaka ya toba.

"Sadaka gani?" Kiboko aliuliza kabla hajamwambia ainuke.

"Fenesi, Baba."

Mafenesi yaliota ng'ambo ya majabali, ambako Kiboko hakuweza kupanda. Alikuwa amesikia sifa zake tu.

"Wanasema ni kubwa."

"Ni kubwa, Baba."

"Kubwa kiasi gani?"

"Kama Mzee Ngiri akijikunja."

Kiboko akameza mate, glupu! "Hiyo ni toba ya kweli," alisema. "Naisikia harufu yake mpaka hapa."

Sasa nyinyi mliozaliwa kwenye nyumba za watu mnajua fenesi linavyoliwa. Halirukiwi. Kisu kinapakwa mafuta, mikono inapakwa mafuta, kwa sababu ya ulimbo. Mmoja anapasua, mwingine anachambua, wa tatu anafukuza nzi, watoto wanakaa mkao wa kula. Na harufu inafika nyumba ya saba, kwa hiyo nyumba ya saba nayo inakuja. Fenesi haliliwi kwa siri, wala kwa haraka. Kiboko kila alichokula alikula kwa siri na kwa haraka, na wa kumwambia habari ya mafuta hakuwapo.

Pimbi akachagua fenesi lililo kubwa kuliko yote, bado halijaiva sawasawa. Siku tano alikinga ulimbo wa mafenesi mengine, akauchemsha chunguni mpaka ukavutika kama kamba. Akatoboa tundu, akaujaza ndani. Akaziba tundu, akapaka asali juu. Jumapili akalivingirisha mpaka kanisani, bingiri bingiri bingiri, kwapani ameficha kibuyu kidogo cha mafuta ya ufuta, na Fomu Namba Tisa ameikunja chini ya fulana.

Kanisa likajaa. Kumwona mwenye dhambi akirudi ni jambo ambalo mtu halikosi, hata mwenye homa. Wengine nao walileta chochote, mahindi mawili, kiazi, wasionekane mikono mitupu. Mama Pimbi alikaa benchi la tatu katikati ya Mama Kanga na Mama Nungunungu, kifungo kimeshonwa.

"Malaika yuko mlangoni!" Kiboko alinguruma. "Leo ameamka na njaa! Fumbeni macho!"

Vuuu! Vuuu! Vuuu!

Kiboko hakuyatazama mahindi, hakukitazama kiazi. Alifungua mdomo, aaaa! akaliingiza fenesi zima, na miba yake na asali yake. Kwacha! Kwacha! Kwa... cha... mnn.

Likanata.

Meno ya juu yakashikana na ya chini. Kiboko akavuta. Yakakataa. Akavuta tena. Yakakaza zaidi. "Mmmm!" alisema Kiboko. "Mmmmm! Mmmmmm!" Akapiga miguu sakafuni, ti! ti! ti! Taa zikaanguka.

"Baba amejazwa!" alipiga kelele Nyani, macho amefumba.

"Leo ananena mambo mazito!"

"Ongezeni sauti, ndugu zangu!"

Vuuuuu!

Wakaomba. Amina haikuja. Wakaomba tena. Haikuja. Saa nzima ikapita, ya pili ikaingia. Mama Nungunungu alimaliza haja zake zote akaanza za jirani. Nyani aliombea ukoo mzima, akafika kwa wale asiosalimiana nao. Kindi akanong'ona, "Mama Kanga, kwani Amina tumeipita?"

"Nyamaza uombe."

Hapo Pimbi akainuka, akaanza kutembea kwenda mbele. Jicho la zamu la Mzee Ngiri likamwona. Likamfuata hatua ya kwanza, hatua ya pili, hatua ya tatu. Pimbi akakanyaga ngazi ya madhabahu. Jicho la Ngiri likarudi kwa waumini, kama kanuni inavyotaka.

"Shikamoo, Baba Mchungaji," Pimbi alimwambia Kiboko sikioni.

"Mmmm!"

"Nachukulia umeitikia. Huo ni ulimbo, Baba. Hautoki kwa maji, hautoki kwa kelele. Unatoka kwa mafuta, nami mafuta ninayo."

"Mmm! Mmm!"

"Taratibu. Hawa watachoka, watafumbua macho. Watakuta mahindi yapo, kiazi kipo, na fenesi la malaika limekaa mdomoni mwako. Hii hapa Fomu Namba Tisa. Nakala tatu. Nakusomea masharti, usije ukasema hukusomewa: 'Natoka peke yangu. Mama yangu hatoki. Akifa azikwe kwa kengele na kwaya, beti zote sita.' Gonga muhuri."

Kiboko akatikisa kichwa.

"Sawa." Pimbi akakaa kwenye ngazi, akakunja miguu. "Mimi mtengwa, Baba, sina ratiba."

Vuuu, lilivuma kanisa, lakini sasa vuuu lenyewe lilikuwa limepungua, na pale nyuma mtoto mmoja alikuwa akilia njaa. Kiboko akatazama waumini. Akatazama mahindi. Akauvuta muhuri shingoni. Ga! Ga! Ga!

Pimbi akakunja karatasi zake, akafungua kibuyu. Kisha akasita. Alikuwa amepata alichokitaka, angeweza kumimina mafuta akaondoka. Lakini aliwatazama pale walipo, wote, macho wamefumba mpaka mashavu yamekunjamana, na hao walikuwa watu wake.

"Jamani!" aliita. "Ndugu zangu! Fumbueni macho mtazame!"

"Nani huyo?" aliuliza Mama Nungunungu.

"Adui," alijibu Nyani. "Ongeza sauti."

Vuuuuu!

Benchi la pili alikaa Digidigi. Yeye na Pimbi walikuwa wameimba pamoja miaka kumi, wakishika karatasi moja. Digidigi akafumbua jicho. Akamwona Kiboko, mate yanamtiririka, maganda ya fenesi yanamning'inia midomoni. Akaona vyote. Akamtazama Pimbi. Kisha akalifumba lile jicho, akalifunika na mkono juu.

Pimbi akabaki amesimama na kibuyu chake. Mlango ulikuwa mbali bado, lakini kutoka alikuwa ameshatoka.

Akammiminia Kiboko mafuta. Mdomo ukaachia, pwaa! fenesi likateremka, gubu!

"AMINA!"

Wanyama wakafumbua macho. Mahindi yapo, kiazi kipo, fenesi halipo. Na Baba Mchungaji amesimama mbele yao, midomo na kidevu vinang'aa mafuta.

"Malaika amechagua sadaka ya toba peke yake!" alilia Mama Nungunungu.

"Na Baba amepakwa mafuta!" alilia Nyani. "Tazameni! Amepakwa mafuta kutoka juu!"

Wakaanguka kifudifudi, wengine wakalia. Kiboko alikuwa amefungua mdomo aseme neno, akaona halihitajiki, akaufunga.

Nje ya mlango Karani alizipokea nakala. Akazitazama mbele, akazitazama nyuma, akazielekeza kwenye jua. Machozi yakamtoka. "Imekamilika," alisema. "Miaka yangu yote ya utumishi, hii ndiyo ya kwanza kukamilika." Akampa Pimbi mkono. "Ningekutakia heri, Ndugu Pimbi, ila hilo halina fomu."

"Usijali, Katibu."

Mwaka uliofuata ikawekwa sikukuu mpya, Sikukuu ya Sala Ndefu. Na ukatoka waraka, ukasomwa mara tatu: Kuhusu Mafenesi. Mafenesi yote yaletwe yakiwa yamepasuliwa na kutolewa kokwa, na kando yake iwekwe chupa moja ya mafuta, kwa matumizi ya malaika.

Pimbi yeye alikaa mwambani. Jumapili ya kwanza hakujua aifanyie nini mikono yake. Ya pili akafagia uwanja. Ya tatu mama yake alipotoka na sare alimshika mkono akamvusha kijito, akamwacha penye njia ya kanisani, akarudi kupika.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Aliye ndani akae vizuri, aliye nje asinyeshewe.

Sasa funzo, maana hadithi isiyo na funzo hairuhusiwi kusimuliwa mbele ya watoto. Watoto, wakati wa sala fumbeni macho. Pimbi alifumbua, akapoteza kengele, kwaya na rafiki wa miaka kumi, akapata karatasi. Digidigi alifumba, na leo ni Mzee Digidigi, ana jicho la zamu na cheti. Mtiini mchungaji wenu, hasa akiwa na kitu mdomoni. Na fenesi msile bila mafuta. Haya, tawanyikeni.

"Na mama yake je?"

Mama Pimbi alifariki mvua zilipoanza. Kengele ilipigwa. Kwaya iliimba beti zote sita. Pimbi ndiye aliyechimba kaburi, tangu asubuhi, kwa sababu wazee walikuwa kwenye kikao. Na walipokwisha kuzika, Mama Kanga alimletea maji ya kunawa.